Shangazi, naogopa kubaki peke yangu na mwanangu

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku, mke wangu na mtoto wamelala, maana mchana siwezi kuyaandika haya bila mtu kunichungulia. Naomba usinihukumu kabla hujamaliza kusoma.

Tuna mtoto wa kiume wa miezi sita, ndiye wa kwanza. Tulimsubiri kwa muda mrefu. Alipokuwa na wiki tatu hivi nilimbeba nikawa nateremka naye ngazi, ghafla ikanijia picha kichwani: namwachia, anaporomoka. Sikuwa na hasira. Mtoto mwenyewe alikuwa amesinzia begani. Nilishika ukuta, miguu inatetemeka. Tangu siku ile sina amani.

Picha zimeongezeka. Nikikata kitunguu jikoni naye yupo kwenye kiti chake, naona kisu kikielekea kwake. Nikimwogesha, naona kichwa chake kinazama kwenye beseni, na mkono unaomzamisha ni wangu. Ziko nyingine za aibu, hizo siwezi kuziandika.

Nimejitahidi kwa kila njia. Visu nimevipandisha juu ya kabati, nikamwambia mke wangu ni kwa usalama wa mtoto, ingawa mtoto hata kutambaa bado. Ngazini siteremki naye tena. Kumwogesha nimeacha, ikifika saa ya kuoga nakumbuka simu ya kupiga, au nasema mgongo unauma. Usiku naingia kwenye intaneti natafuta habari za wazazi walioua watoto wao, nasoma walikuwa watu wa namna gani, najilinganisha nao. Nikisali, picha ikiingia katikati ya dua naanza upya, tena na tena, mpaka magoti yanauma. Na kila siku lazima nimuulize mke wangu, "Hivi unaniona mimi ni mtu mbaya?" Mwanzoni alikuwa anacheka. Siku hizi ananitazama tu.

Yeye anadhani sijali. Juzi aliniambia, "Mwenzangu, ulimtaka mtoto au ulitaka tu kuitwa baba?" Nilinyamaza. Ningemjibu nini? Kwamba simgusi mtoto kwa sababu nampenda?

Nina maswali matatu. Je, mimi ni hatari kwa mwanangu? Je, nihame chumba, au hata niondoke nyumbani hadi hali hii iishe? Na je, nimwambie mke wangu, au nikimwambia atamchukua mtoto aondoke?

Baba Mwenye Hofu


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Swali lako la kwanza nitalijibu mara moja tu. Kwa hayo uliyonieleza, hapana, picha hizo hazikufanyi kuwa hatari kwa mtoto. Hazina hasira ndani yake, hazina hamu wala mpango. Zilikuja zikakutisha, nawe ukaanza kukimbia. Lakini ukiniandikia mwezi ujao kuniuliza jambo hilohilo kwa maneno mengine, sitakujibu. Usione ni ukatili. Ukisoma hadi chini utaelewa kwamba kulijibu tena ndiko kungekuwa kukuumiza.

Swali la pili ni fupi zaidi. Usihame chumba, wala usiondoke nyumbani.

Sasa tuzungumze. Mwaka 1978 watafiti wawili wa London, Rachman na de Silva, waliwauliza watu wa kawaida, wasio na ugonjwa wowote wa akili, kama huwa wanajiwa na mawazo mabaya ya ghafla wasiyoyataka: kumdhuru mtu wao wa karibu, kuropoka matusi mbele za watu, kufanya jambo la aibu. Takriban wanane kati ya kila kumi walikiri kwamba ndiyo. Wataalamu walipopewa mawazo ya watu hao yakiwa yamechanganywa na ya wagonjwa, haikuwa rahisi kwao kujua lipi ni la nani. Kisha mwaka 2008 huko Canada, Fairbrother na Woody walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na akina mama waliojifungua karibuni. Wote walikuwa wameshajiwa na mawazo ya mtoto kupatwa na ajali, na karibu nusu walikuwa wamejiwa na mawazo ya kumdhuru mtoto kwa makusudi, kwa mikono yao wenyewe. Waliowauliza akina baba nao wamekuta mambo ya namna hiyohiyo.

Utasema, mbona sijawahi kulisikia hili kwa mtu? Utalisikia kwa nani? Watu wakija kumwona mtoto huleta pongezi na nasaha za usingizi na maziwa. Ni nani katikati ya pongezi hizo atakayesema, "Asanteni sana, na jana niliona picha ya mimi nikimtupa"? Kila mmoja anaimeza yake na kudhani ni yeye tu duniani.

Chanzo chake si cha ajabu. Mzazi mpya amekabidhiwa kiumbe kisichoweza hata kuishikilia shingo yake, na ubongo wake unaanza kufanya kazi ya ulinzi kupita kiasi, unatafuta hatari kila kona. Ukitazama ngazi unaona hatari ya kuanguka, na ukiendelea kutazama unamwona pia yule aliyembeba mtoto. Ongeza kukosa usingizi kwa miezi kadhaa. Na hizo za aibu ulizoshindwa kuziandika zinatoka palepale: mawazo haya hupenda kugusa kile ambacho mtu anakithamini kuliko vyote. Asiyejali ibada hasumbuliwi na kufuru inayomjia akiwa anasali.

Kwa wengi picha inakuja, mtu anashtuka, anasema "astaghafiru" au "ishindwe", anaendelea na shughuli zake na kusahau. Wewe ulifanya nini? Ulisimama ukaihoji. Ukajiuliza, "Kwa nini nimewaza hivi? Mtu mwema anaweza kuwaza hivi?" Hapo ndipo pa kuangalia, mwanangu. Lile wazo la ngazini lilidumu kufumba na kufumbua. Miezi iliyofuata imeliwa na jitihada zako za kulifukuza.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, mwaka 1987 aliwaambia watu wakae kwa dakika tano wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele haikunyamaza. Tena baadaye walipoambiwa sasa ruksa kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wenzao ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Hao walikatazwa dubu ambaye hana maana yoyote kwao. Wewe umejikatazia picha ya mwanao.

Chukua visu. Siku ulipovipandisha juu ya kabati ulipata nafuu, sivyo? Hofu ikashuka. Lakini ubongo wako ukaandika kwamba leo tumepona kwa sababu visu vilikuwa mbali. Haukupata nafasi ya kuona kisu kipo mezani, mtoto yupo kwenye kiti, kitunguu kimekatwa na hakuna lililotokea. Kesho yake ukataka ulinzi zaidi. Ngazi ni vilevile, na beseni pia. Kule kuperuzi usiku ndiko kubaya kuliko vyote, maana unakwenda kutafuta uhakika kwenye habari za watu usiowajua, na lazima utamkuta mmoja aliyependa chai kama wewe au aliyekuwa mpole kama wewe, basi usingizi umekwisha. Hilo liache leo. Si kupunguza, kuacha.

Na lile swali unalomuuliza mkeo kila siku. Jibu lake linakutuliza kwa muda gani? Ukiwa mkweli utasema ni hadi picha inayofuata. Unamuuliza tena kwa sababu jibu la jana limeisha nguvu, na kesho la leo litakuwa limeisha. Ndiyo maana mimi nimekujibu mara moja nikafunga.

Unachotakiwa kufanya sasa ni kurudi kwa mtoto huku picha zikiwa bado zipo. Usisubiri ziishe kwanza. Anza na kile kinachokutisha kidogo kuliko vingine, pengine ni kurudisha visu kwenye droo yake. Kisha kukata kitunguu naye akiwepo. Kisha ngazi, kisha beseni. Utajuaje tofauti ya tahadhari na woga? Tahadhari ni ile ambayo mkeo angeichukua bila kuwa na hofu yako. Mtoto haachwi peke yake kwenye maji hata kidogo, na akianza kutambaa visu vitawekwa asipofikia. Hayo ni ya kila mzazi.

Siku ya beseni, shika mtoto kama kawaida, mkono mmoja chini ya shingo na kwapa. Picha itakuja, ningeshangaa isipokuja. Sema moyoni, "Ni lile wazo," basi. Usibishane nalo, usijitetee, usianze kujisomea orodha ya mema yako. Endelea na sabuni. Safisha nyuma ya masikio, fungua ile mikunjo ya shingo ambako maziwa hujificha yakachacha. Moyo utadunda na mikono italoa jasho ndani ya maji. Ruhusu. Wazo hilo ni redio ya jirani: huna uwezo wa kuizima, lakini hulazimiki kwenda kugonga ukuta kila nyimbo ikibadilika. Hofu huwa inapanda, inafika kileleni, halafu inashuka yenyewe. Isiposhuka leo, mtoto atakuwa ameoga vilevile, na kesho utamwogesha tena.

Ila nakuonya na mtego mmoja, kwa sababu watu makini kama wewe ndio hunaswa. Usiende kusimama juu ya ngazi na mtoto mkononi ili ujipime kama utamwachia. Kujipima ni kutafuta uhakika kwa mlango wa nyuma. Panda na kuteremka ngazi kwa sababu una pa kwenda.

Kuhusu sala. Sikuambii uache kusali. Nakuambia uache kuanza upya. Picha ikiingia katikati ya dua, malizia dua, itike "amina", inuka. Katika hadithi iliyopokelewa na Imam Muslim, masahaba walimwendea Mtume wakamweleza kwamba wanajikuta na mambo nafsini mwao ambayo wanaona ni makubwa mno kuyatamka, naye akawaambia kwamba hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Yaani ule uzito walioona kuyatamka. Dua inayorudiwa mpaka magoti yanauma haiongozwi tena na ibada, inaongozwa na hofu, na viongozi wengi wa dini wenye hekima watakuambia hivyohivyo ukiwaendea.

Sasa la hospitali, na hapa sitaki ujadiliane nami. Wataalamu wana kigezo rahisi: mambo haya yakikula zaidi ya saa moja kwa siku, au yakivuruga maisha, si hali ya kawaida tena ya kila mzazi, ni ugonjwa unaotibika. Wewe umeacha kumwogesha mtoto, usiku hulali, ndoa inayumba. Umekwishavuka. Ugonjwa wenyewe, wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kuyatuliza, madaktari huuita kwa herufi tatu, OCD, na huwapata akina mama na akina baba kipindi cha kupata mtoto. Daktari ndiye atakayethibitisha kama ndio wako. Tiba yake ya mazungumzo ni hiyo niliyokuchorea juu kwa kifupi, kuikabili hofu bila kufanya kile kitendo cha kuituliza, isipokuwa mtaalamu ataipanga hatua kwa hatua na kukushika mkono. Mwanasaikolojia Victor Meyer aliandika kuhusu wagonjwa aliowatibu kwa njia hiyo mwaka 1966, na mpaka leo ndiyo inayotegemewa zaidi. Zipo na dawa, za kundi lilelile linalotumika kutibu sonona. Huchukua wiki kadhaa, pengine hata miezi mitatu, kuonyesha nguvu yake yote, kwa hiyo mtu asizitupe baada ya siku kumi akisema hazifanyi kazi. Kwa akina mama wanaonyonyesha zipo zinazoweza kutumika, daktari atachagua.

Ukifika, angalia namna ya kulisema. Si kila mhudumu wa afya analijua tatizo hili, na maneno "kumdhuru mtoto" yakitangulia peke yake yanaweza kumshtua akasahau kukusikiliza. Sema hivi: "Napata mawazo na picha za kumdhuru mtoto wangu. Siyataki, yananitisha, sijawahi kufanya wala sina nia. Nimeanza kumkwepa mtoto kwa ajili ya hofu hiyo. Naomba nichunguzwe kama ni OCD." Iandike kwenye karatasi uisome kama ulimi utagoma. Akikosea kukuelewa, omba mwingine, ikiwezekana daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia.

Kwa wasomaji wengine wanaosoma barua hii wakijiuliza, yapo mambo yanayofanana na haya kwa mbali lakini si haya. Mama aliyejifungua, hasa ndani ya wiki mbili za mwanzo, akianza kukesha bila kuhisi haja ya kulala, anaongea mambo yasiyoshikana, anasikia sauti, anaamini mtoto amebadilishwa au ana pepo, au anaona kumdhuru ndiyo njia ya kumwokoa, hiyo ni saikosisi ya baada ya uzazi. Huwapata mama mmoja au wawili katika kila uzazi elfu moja. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake na mtoto wala asiachwe peke yake kabisa. Tofauti kubwa ni kwamba mwenye tatizo la Baba Mwenye Hofu analiogopa wazo lake, na yule mwingine analiamini. Mtu yeyote, mama au baba, anayefikiria kujiua naye ni wa kupelekwa leo.

Na hasira ni jambo jingine tena. Mtoto amelia kwa muda wa saa mbili, damu imekupanda kichwani, unahisi mikono inataka kumtikisa: mlaze chali mahali salama, toka chumbani, vuta pumzi, ita mtu. Kulia hakumuui mtoto. Kumtikisa kunaweza kumharibu ubongo au kumuua. Baba, wewe hukunieleza hasira, lakini nayasema kwa sababu ipo siku kila mzazi atayahitaji.

Limebaki la mkeo. Mwambie. Siwezi kukuapia atalipokeaje, mimi simjui. Ninachokijua ni kwamba sasa hivi anaishi na maelezo yake mwenyewe ya kwa nini humgusi mtoto, na maelezo hayo ni mabaya kuliko ukweli. Usimwambie katikati ya ugomvi, wala saa nane ya usiku akiwa ananyonyesha huku anasinzia. Anzia kwenye lile swali lake: "Uliniuliza kama nilimtaka mtoto. Nilimtaka mpaka hofu ya kumpoteza imenigeuka. Napata picha mbaya nisizozitaka, ndiyo maana namkwepa. Nimejua kuwa ni tatizo linalotibika na nataka kwenda kutibiwa." Huna haja ya kumsimulia kila picha, kusimulia zote kwa undani ili akusafishe ni lile swali lako la kila siku limevaa nguo nyingine. Mpe barua hii aisome kama maneno yatakukwama.

Kisha mwombe mambo mawili. La kwanza, ukimuuliza tena kama wewe ni mtu mbaya, asikujibu. Aseme tu, "Hilo lilikwishajibiwa," kwa upole, aendelee na shughuli zake, hata ukimkasirikia. La pili, asikupokee mtoto kwa kukuonea huruma ukianza kutetemeka wakati wa kumwogesha. Akae karibu mwanzoni kama itasaidia, halafu siku baada ya siku asogee mbali, mpaka awe chumba kingine.

Ukimaliza kusema, nyamaza umsikilize. Ule utafiti wa Canada ulihusu akina mama, na karibu nusu yao walikuwa na ya kwao. Huenda mkeo naye ana picha aliyoificha tangu wiki ya kwanza. Akiitaja, usimhoji wala usimchambue. Na kama naye inamkosesha usingizi, panga foleni ya kliniki kwa ajili ya wawili.